Marahaba ya Dakika Kumi na Moja

Nilimwamkia Mwalimu Ambakisye saa mbili na dakika tano asubuhi. Marahaba yake ilinifikia saa mbili na dakika kumi na sita, nikiwa nimeshavua koti la mvua, nimeshakunywa nusu kikombe cha chai, na nimeshafungua skrubu nne za mgongo wa mtambo.

"Marahaba, binti yangu. Umepata shida na matope?"

Sauti ilitoka kwenye kipaza sauti kisicho na waya kilichofungwa ubavuni mwa kiti chake cha magurudumu. Ilikuwa sauti nene ya mwalimu wa hesabu aliyefundisha miaka thelathini na minne, safi kabisa. Mwenyewe alikaa chini ya dirisha, blanketi magotini, mdomo umepinda upande wa kushoto, akinitazama kwa aibu. Alijua habari za matope nimeshazimaliza na mkewe. Alijua kila anachosema kinafika kimeshachacha.

"Kidogo tu, Mwalimu," nikamjibu. "Tukuyu bila matope si Tukuyu."

Akacheka kwa ule upande wake mzima. Kicheko hakikuhitaji mtambo.

Naitwa Asteria Komba, fundi wa mitambo mizee, na nalisema hilo kifua mbele. Mafundi wa mitambo mipya wamejaa kila kona, kazi yao kuchomoa na kuchomeka. Mimi natibu. Nikishindwa nanuna wiki nzima, waulize majirani zangu.

Mgonjwa wa siku ile aliitwa Kiota, mtambo wa nyumba wa toleo la saba, umri miaka kumi na tisa. Ulikaa ukutani kati ya jiko na sebule, sanduku la rangi ya maziwa yaliyokaa sana. Uliwasha taa, ulichunga jiko, uliita majina ya wanaobisha hodi. Lakini hayo hata mtambo wa dukani unaweza. Kilichonitoa kitandani ni kazi nyingine. Kiharusi kilipomchukua Mwalimu ulimi, miaka tisa iliyopita, Kiota kilibaki naye. Alikuwa akinguruma, anahema, anagonga kidole kwenye mkono wa kiti, na Kiota kikabahatisha: maji? Hapana. Dirisha? Ndiyo. Siku hadi siku, neno kwa neno, hadi kikaweza kuchukua mngurumo mmoja na kuutoa kama sentensi nzima kwa sauti yake ya zamani.

"Miezi minane sasa kinazorota," mkewe, Mama Gwakisa, aliniambia huku akimenya viazi. "Kwanza zilikuwa sekunde, tukavumilia. Zikawa dakika. Juzi nimemuuliza anataka ndizi au wali, jibu limekuja nimeshaosha vyombo."

"Alisema nini?"

"Ndizi." Akashusha pumzi. "Nilikuwa nimempa wali."

Na saa nane mchana mkaguzi angefika. Sheria inajulikana: mtambo wa nyumba uliozidi miaka kumi na tano hupimwa, na ukishindwa kujibu ndani ya sekunde tatu unafungwa lakiri, unaondolewa, na nyumba inapewa mpya siku hiyohiyo. Sheria yenyewe si mbaya, mtambo unaochelewa kuzima jiko utaua watu. Ila lugha ya Mwalimu ilikuwa imejichora ndani ya Kiota kama njia ya mbuzi kwenye majani. Njia ya mbuzi huwezi kuikunja ukaipeleka kwenye shamba lingine. Mtambo mpya ungeanza na maji, dirisha, hapana, ndiyo. Miaka tisa mingine, na Mwalimu alikuwa na sabini na sita.

Kwa hiyo nilikuwa na saa sita kumrudishia mtu ulimi wake. Nikakunja mikono ya shati.

*

Wengi wakisikia kumbukumbu imejaa hudhani ni kabati limejaa. Sivyo. Mtambo una kabati na una meza. Kabatini huweka vya kudumu: picha, barua, ile lugha ya Mwalimu. Mezani huweka unachoshughulika nacho sasa hivi. Kabati liwe kubwa kama bohari, kitunguu bado hukatiwa mezani. Meza ikijaa, mtambo huanza kurundika vitu sakafuni, na kila ukihitaji kisu lazima uiname, usogeze sufuria, utafute, uinuke. Huko kuinama na kuinuka ndiko kulikokula zile dakika kumi na moja.

Nilichomeka kibao changu cha kupimia nikasoma kipimo. Meza ya Kiota ilikuwa imejaa asilimia tisini na tisa, katika nyumba ya wazee wawili na paka.

"Umejaribu kukizima na kukiwasha?"

"Kila asubuhi, kama sala," alisema Mama Gwakisa. "Zamani kilikuwa kinaamka uji ukichemka. Siku hizi kinaamka uji umeshaliwa."

Nikaweka sikio kwenye sanduku. Diski ilikuwa ikikwaruza. "Mama, usikizime tena. Kikilala safari hii huenda kisiamke."

Akaacha kumenya. Sikupenda kumtisha, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilianza na mambo madogo, kwa sababu kosa la mtambo mara nyingi ni dogo na la kijinga. Nilipuliza vumbi. Nilitoa mayai mawili ya mjusi. Nilipitia programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi bila kuulizwa, nikakuta kumi na moja: kengele ya kwaya iliyoacha kukutana, ramani ya barabara iliyohamishwa, kikumbusho cha kulisha kuku.

"Mna kuku?"

"Tuliwala mwaka juzi."

Nikazifunga zote. Nikamuuliza Mwalimu kama anasikia baridi, jibu likaja baada ya dakika tisa. Nikajipongeza. Nikamuuliza tena, likaja baada ya kumi na moja. Nikajinyamazisha.

Nikatoa silaha yangu. Vijiti vya kumbukumbu vya toleo la saba havitengenezwi tena popote, ila mimi nilikuwa na viwili, nilivyovichomoa kwenye mtambo uliokufa kwa radi. Nilikuwa nimevitunza kwenye soksi miaka minne kama mahari. Nikavichomeka. Meza ikapanuka maradufu. Kwa dakika ishirini Mwalimu alijibu ndani ya sekunde tano, akanieleza tangu enzi zake darasani hadi jinsi Mama Gwakisa anavyotia chumvi kupita kiasi, na Mama akamrushia ganda la kiazi, na mimi nikaanza kufunga mkoba.

Halafu sekunde zikawa kumi. Zikawa hamsini. Kwenye saa tano kasoro robo meza yote mpya ilikuwa imejaa, na Mwalimu alikuwa amefungua mdomo katikati ya kisa, akisubiri.

Nilikaa chini sakafuni. Sitaficha, niliumia. Kuna kitu ndani ya nyumba ile kilikuwa kinaongeza viti mezani na hakiondoi hata kimoja, na ukikipa meza kubwa kinashukuru na kuijaza.

*

Jibu lilitoka jikoni. Kiota kilisema kwa sauti yake chenyewe, ile ya upole inayoudhi: "Mama Gwakisa, sukari haitoshi."

Mama akapiga paja kwa kofi. "Unakisikia? Kopo limejaa hadi mfuniko haufungi! Nikileta mfuko mzima, haitoshi. Kimekuwa na uroho wa siafu."

"Haitoshi watu wangapi?" nikauliza.

"Nitajuaje? Waliomo."

Nikainuka taratibu. "Kiota, tuko wangapi humu ndani?"

Tukasubiri. Mama akakaanga viazi, tukala viwili viwili. Jibu lilipokuja, lilikuja kwa adabu zote.

"Mko elfu sita mia nne na kumi na wanne."

Mama Gwakisa akatazama nyuma ya kochi.

Nikafungua orodha kwenye kibao. Wenye nyumba, wawili. Wageni, elfu sita mia nne na kumi na wawili. Mchungaji, chai ya tangawizi, kiti cha kulia. Mjumbe wa nyumba kumi, asipewe maziwa. Wanakwaya ishirini na wawili walioingia kwa pamoja miaka kumi na minne iliyopita. Wanafunzi wa zamani, wazazi wa wanafunzi, watu wa msiba, watu wa ubatizo. Na wa mwisho kabisa: Asteria Komba, fundi, chai bila sukari. Kila mmoja alikuwa na kona yake mezani: sikio linalongoja sauti yake, kiti chake, kikombe chake. Mtambo ulikuwa unawakirimu wote, usiku na mchana. Ukizimwa, ukiamka jambo la kwanza ni kuwapangia viti upya, kwa sababu haiingii akilini kulala ukasahau wageni.

"Mama," nikasema, "mgeni akiondoka hapa, mnamuaga wapi?"

"Njia panda. Pale kwenye kibao cha kanisa."

"Si mlangoni?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kama wanakula kwa miguu. "Mlangoni? Amekukosea nini? Mlangoni unamuaga mtu unayetaka aondoke. Mgeni unamsindikiza, mnaongea, mnafika njia panda, mnaongea tena, ndipo mnaagana."

"Tangu muanze kukaa na Kiota, hakuna hata mmoja aliyeambiwa kwaheri hapa mlangoni?"

Akafikiri. "Mmoja. Yule aliyekuja kutuuzia majeneza."

Nikatafuta. Muuza majeneza hakuwemo kwenye orodha. Alikuwa mtu pekee aliyeondoka.

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Waliotengeneza Kiota walikaa katika maghorofa ya mjini, ambako mtu huagwa mlangoni, lifti inafunga, basi. Kwa hiyo walikifundisha hivi: hodi inamfungulia mgeni kona, na kwaheri ya mwenye nyumba inaifunga. Hawakujua kuna watu ambao kwaheri yao iko hatua mia mbili kutoka kizingitini, mbali na sikio lolote la mtambo. Miaka kumi na tisa Kiota kimeona watu wakiingia, wakila, wakitoka wakiongea na mwenyeji bega kwa bega, na hakijasikia mtu akiagwa.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema Mama Gwakisa, naye sasa machozi ya kicheko yanamtoka. "Hawa wana miaka kumi na tisa na hawajashika hata ufagio!"

*

Dawa ilikuwa neno moja. Mwenye nyumba akisema "Kwaherini" kwa wingi, kona zote zinafungwa kwa mkupuo. Mama akasimama katikati ya sebule akalitamka kama anayefukuza mbuzi kwenye mahindi. Hakuna kilichotokea. Nikasoma maandishi ya zamani: aliyekuwa na idhini ya kufunga kona za wageni alikuwa mmoja, yule aliyejiandikisha siku mtambo ulipowekwa.

"Mmoja?" Mama akamgeukia mumewe. "Na mimi nilikuwa nani, pazia?"

Mwalimu akainamisha macho. Hilo lilisubiri siku nyingine.

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake nikamweleza yote, polepole, kwa sababu masikio yake yalikuwa mazima na akili yake kali kuliko yangu. Aseme tu, hata kwa mngurumo. Kiota kinaujua mngurumo wake. Kitachelewa, lakini kitaelewa.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akatikisa kichwa. Hapana. Akanguruma kwa kirefu, kidole kikigonga mkono wa kiti, na sote tukajua maneno hayo yangefika baada ya dakika kumi na moja.

Ilikuwa saa sita na nusu. Mama Gwakisa akanivuta jikoni akafunga mlango.

"Sauti yake ya zamani unayo humo?"

Nilikuwa nayo. Kabatini mwa Kiota mlikuwa na hotuba aliyoitoa siku ya kustaafu, na mwishoni, wazi kama kengele, alisema: "Kwaherini, wanangu." Nilikuwa nimeshaikuta kabla hajaniuliza. Ningeikata neno moja, ningeicheza mbele ya sikio la mlangoni, kazi imekwisha. Kiota kisingejua tofauti. Mwalimu mwenyewe asingejua, angeona tu maneno yake yameanza kukimbia.

"Icheze," alisema Mama. "Mwanangu, nakuomba. Yeye ana ukaidi wa ualimu, sijui anataka nini. Mkaguzi anakuja. Wakiondoa hiki kitu, mimi nitabaki na mtu anayenitazama tu. Miezi minane nimekuwa nikimalizia sentensi zake, na najua nakosea, naona machoni kwamba nakosea. Icheze."

Nikaiweka hotuba kwenye kibao. Nikakata lile neno, kibao kikalia tik. Kidole changu kilikuwa juu yake. Nakiri kwamba nilitaka kubonyeza, na si kwa huruma pekee. Nilitaka kushinda. Nilikuwa nimeupata ugonjwa ambao hakuna fundi mwingine angeuwazia, na dawa ilikuwa chini ya kidole.

Hapo sauti ikapita mlangoni kutoka sebuleni.

"Hapana, binti yangu. Hao watu walikuja nilipofundisha na walikuja nilipoanguka. Kuwaambia kwaheri nimekaa ndani ni kuwafukuza, na mimi sijawahi kumfukuza mtu, ila yule wa majeneza. Miaka tisa sijamsindikiza mgeni. Mke wangu amenisindikizia. Nipelekeni njia panda, niwaage mwenyewe."

Mama Gwakisa alifumba macho. "Bonyeza," akanong'ona, lakini sauti yake haikuwa na nguvu tena.

Nilifikiri hivi: mtu huyu hana mdomo mwingine isipokuwa mtambo huu. Leo nikitia ndani yake neno ambalo amekataa kulisema, kesho kila atakachosema nitajuaje ni chake? Yeye mwenyewe atajuaje? Nimrudishie ulimi kwa kumwibia neno? Nikalifuta lile neno kwenye kibao, kikalia tik mara mbili. Nilifanya haraka, nisije nikajionea huruma.

"Mama," nikasema, "una waya?"

*

Kutoka mlangoni hadi njia panda ni hatua mia mbili na kumi, nilizihesabu nikikimbia. Mkobani nilikuwa na waya wa mita mia na ishirini. Sikuweza kukipa Kiota sikio jipya, maana hata sikio jipya linataka nafasi mezani, na nafasi haikuwepo. Kwa hiyo nikaling'oa lile la mlangoni, kidude cha kunasia sauti chenye ukubwa wa kifungo cha koti, nikalifunga kwenye waya wangu. Waya wangu ulipoisha nikaunga kamba ya nguo ya Mama Gwakisa, ambayo kwa baraka za Mungu ilikuwa waya wa shaba uliovishwa plastiki. Ilipoisha hiyo, nikaunga waya wa redio ya gari bovu la jirani. Viungio nilivifunga kwa mifuko ya sukari dhidi ya manyunyu. Sukari ilikuwa nyingi, hata kama Kiota kilisema haitoshi.

Saa nane kasoro dakika kumi nililifunga sikio kwenye kibao cha kanisa, kimo cha kifua cha mtu. Kibao changu kilionyesha kipimo: asilimia tisini na tisa nukta tisa. Nafasi iliyobaki haikumtosha hata mgeni mmoja.

Tulimsukuma Mwalimu, mimi nyuma, Mama mbele akiondoa mawe. Alikuwa amevaa kofia yake ya ualimu na koti la harusi. Magurudumu yalizama mara mbili, na mara zote mbili alinguruma kitu ambacho nashukuru hakikufika kwenye sikio lolote la Kiota. Alipofika njia panda akatazama barabara zote tatu, moja ya sokoni, moja ya mashamba ya chai, moja ya shule. Akavuta pumzi. Akainua mkono wake wa kulia, ule mzima, akatoa mngurumo mmoja mrefu wenye kupanda na kushuka, na machozi yakamtiririka bila kuyafuta.

Neno likaingia kwenye waya. Kilichobaki kilikuwa kusubiri.

Dakika ya nne, mtu mmoja mwenye mwavuli mweusi na mkoba wa ngozi akatokea barabara ya sokoni. Alikuwa mwembamba, viatu vimefutwa licha ya matope. Lakiri nyekundu zilichungulia mfukoni mwake. Mkaguzi, Bwana Shekilindi, mtu wa Lushoto, na kwa bahati mbaya yetu, mtu mwenye adabu. Aliona wazee wawili na fundi aliyejaa tope wakiipungia mkono barabara tupu. Akasimama mbele yetu, akakunja mwavuli kwa heshima, akafungua mdomo.

"Ho..."

"Usiseme!" tukapiga kelele, mimi na Mama kwa pamoja.

Akarudi hatua mbili. "Nimekosea nini?"

"Hujakosea kitu, baba," nikasema, nimesimama kati yake na kibao cha kanisa mikono nimeitanua. "Ila neno hilo lisitoke mdomoni mwako. Ukilisema, nyumba inajaa, mtambo unazimika, na mzee huyu anabaki bubu."

"Nyumba imejaa nani?"

"Wageni elfu sita mia nne na kumi na wawili. Wanaondoka sasa hivi."

Akaitazama barabara tupu. Akamtazama Mwalimu, mkono bado juu. Nilimwona akifikiri kama arudi alikotoka. Kisha Mama Gwakisa, Mungu ambariki, akafanya kile anachokijua kuliko wote: akaanza kumsalimu. Habari za safari. Za Lushoto. Mvua zimekuja? Mahindi je? Wazazi wazima? Mama mzazi goti lake? Mkaguzi akajibu, akauliza na yeye, na hakuna hata mmoja aliyetaja neno lile, na dakika zikapita.

Dakika ya kumi na moja. Hakuna aliyetoka.

Dakika ya kumi na mbili. Nikafikiri viungio vimeloa, au sikio limeshika maji. Mkaguzi akachungulia saa yake, si kwa ubaya.

Halafu namba kwenye kibao changu ikasogea. Elfu sita mia nne na kumi na mmoja. Mchungaji alikuwa ametoka.

"Wanatoka!" nikapiga kelele. "Mwalimu, wanatoka!"

Elfu sita. Elfu tano mia tatu. Wanakwaya ishirini na wawili wakatoka kwa pamoja kama walivyoingia. Namba zilianza kuporomoka kwa kasi kiasi kwamba sikuweza kuzisoma, na kipimo nacho kikashuka, tisini, sabini, arobaini, na Mama Gwakisa alikuwa amemshika mkaguzi mkono anaruka naye kwenye tope kama msichana. Mia mbili. Tisa. Mmoja. Nilijiona mimi mwenyewe, Asteria Komba, chai bila sukari, nikitoka.

Sifuri. Meza ilikuwa imejaa asilimia sita.

Mwalimu alishusha mkono. Akanguruma kifupi, na kabla mngurumo haujaisha, sauti yake ilikuwa imeshatoka kwenye kipaza sauti.

"Sasa pigeni hodi."

Tukapiga hodi, mimi na mkaguzi, pale njia panda, kwa sauti ya kusikika hadi shuleni. "Karibuni!" alijibu Mwalimu papo hapo. Bwana Shekilindi alikuwa na saa ya kupimia mkononi na hakukumbuka kuibonyeza.

*

Ndani aliibonyeza mara tatu, kama kanuni inavyotaka. Mara zote tatu Kiota kilijibu kabla ya nusu sekunde. Akaandika, akagonga muhuri, akazirudisha lakiri nyekundu mfukoni. Alikunywa vikombe viwili vya chai, na alipoinuka Mwalimu akataka kumsindikiza, kwa hiyo tukasukuma tena kiti ndani ya tope. Kwaheri ilisemwa njia panda, sikio likaisikia, na kibaoni mwangu mgeni mmoja akatoka. Sikio lile liko pale hadi leo. La mlangoni niliweka jingine, sasa nafasi ilikuwepo. Na jina la Mama Gwakisa nililiandika katika wenye idhini ya kuaga, yeye akiwa amesimama nyuma yangu kuhakikisha herufi.

Mimi nilisindikizwa saa kumi, jua limetoka. Tulipofika njia panda Mwalimu alinieleza kwa kirefu jinsi ningelitatua kosa la Kiota kwa hesabu. Kisha aliinua mkono.

"Ndaga fijo, binti yangu. Asante sana. Neno lile ulilikata kwenye hotuba yangu, sivyo?"

Nilisimama kama mwizi. "Ulijuaje, Mwalimu?"

"Nilikuwa ndani ya nyumba yangu. Kuta zangu nyembamba. Nilisikia ulivyolikata, na nilisikia ulivyolifuta." Akatabasamu kwa upande wake mzima. "Kwaheri."

Nikashika barabara ya sokoni. Sikuwa nimefika mbali nilipowasikia wakianza, yeye na mkewe, kuhusu ule wali wa juzi. Mama alisema wali ulikuwa mzuri. Mwalimu alisema aliomba ndizi. Mama alisema angesema mapema. Mwalimu alisema alisema mapema. Nikageuka nikaangalia. Mama Gwakisa alikuwa amesimama mbele ya kiti, mikono kiunoni, anafoka na kulia na kucheka, wote wawili wanaongea kwa wakati mmoja, na hakuna aliyekuwa akimsubiri mwenzake amalize.